Mwisho Nilioubandika

Sinema niliyoionyesha mara nyingi kuliko zote katika maisha yangu ya kazi, mwisho wake sijauona mpaka leo. Niliionyesha wiki tatu mfululizo Unguja, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na kila siku watu waliutazama mwisho wakatoka ukumbini wakipangusa macho. Lakini mwisho ule haukuwa wa sinema ile. Niliubandika mimi, kwa mkasi na gundi. Mwanamke mmoja ameishi nao zaidi ya miaka hamsini, sasa yuko hapa hapa Maskati, na mwezi uliopita ilinibidi nimwambie.

Nyinyi vijana mnaokusanyika kila Alhamisi Madinat Sultan Qaboos kutazama sinema za kale mliniomba niandike juu ya filamu za Kirusi za zamani na nyingine nilizozipenda. Mmoja wenu alinambia, "Babu Nassor, usituletee siasa, tuletee ufundi." Sawa. Ila ufundi wangu na jambo lile vimegandana kama vipande viwili vya mkanda, na sijui namna ya kuvitenga bila ya kuchana.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Sinema ilikuja ndani ya makebe ya bati, mazito, kila kebe na mkanda wake. Tulikuwa na mashine mbili: mkanda wa kwanza ukikaribia kwisha huku, wa pili uwe umeshafungwa kule. Juu ya picha, pembe ya kulia, hutokea kiduara. Cha kwanza kinakuonya, cha pili kinakuamuru, na unabadilisha papo hapo. Ukizubaa, watu wanaona nguo nyeupe tupu na miluzi inaanza. Taa yetu ilikuwa moto wa vijiti viwili vya kaboni vinavyolika huku vinawaka, na mwendeshaji anavisogeza taratibu, saa zote, sikio moja kwenye mashine na sikio jengine ukumbini. Uchafu ukinasa kwenye mlango wa picha, usiukwangue kwa chuma, tumia kijiti cha ufagio. Na ukifungua kebe la zamani likanuka siki, mkanda huo unaoza. Lifunge, liweke mbali na wenzake, maana ugonjwa ule unaambukiza.

Aliyenifundisha haya alikuwa Mhindi mmoja mwembamba, mzaliwa wa Unguja, jina lake Jivan. Kiswahili chake kilikuwa kikitushinda sisi wenyewe. Mwezi wangu wa pili nilimtia aibu kubwa. Ilikuwa alasiri ya wanawake peke yao, sinema ya Kimisri, ukumbi umejaa mabuibui na karanga. Nikafunga kebe la nne kabla ya la tatu. Bwana akafa, akazikwa, wanawake wakalia mpaka wakakauka. Kisha nikaweka la tatu, na marehemu akatokea barazani anakunywa chai.

"Kafufuka!" sauti ikapasuka kutoka viti vya nyuma.

"Hajafufuka, huyo ndugu yake!" mwengine akamjibu.

"Ndugu gani, na jino la dhahabu lile lile?"

Mimi nilitaka kuendelea hivyo hivyo, nikitumai watajipangia wenyewe. Jivan akanisukuma, akasimamisha mashine, akawasha taa za ukumbi zote. Akateremka mbele ya wanawake mia tatu, akasema, "Mama zangu, fundi wetu mpya kakosea. Bwana huyu bado hajafa. Tunarudi nyuma." Walicheka mpaka ukuta ukatikisika, na kwa mwaka mzima nikipita sokoni niliitwa "mfufua maiti".

Jioni yake alinipa kanuni moja, na hakupata kunipa nyengine. "Mkanda ukikatika, washa taa. Ukikosea, washa taa. Mtu aliye gizani usimdanganye, kwa sababu hana pengine pa kutazama ila unapomwonyesha wewe."

Nilidhani anaogopa tu watu wasikasirike wakavunja viti.

Sasa hizo za Kirusi. Zilianza kuja kwa wingi miaka ile serikali mpya ilipopata marafiki wapya. Maneno yao hatukuyajua, maandishi ya Kiingereza chini ya picha waliyasoma wachache. Basi watu walisoma nyuso. Sinema ya Kihindi ikitaka ulie inakuletea wimbo na mvua, na mimi niliipenda kwa hilo, bado naipenda. Ya Kimisri inakuletea mama mzazi na ngazi ndefu ya nyumba. Ya Kirusi haileti kitu. Mtu anapewa habari mbaya, anayeileta anaondoka, na kamera inabaki pale pale usoni kwa yule aliyepewa. Inabaki mpaka wewe uliye kwenye kiti unaanza kuona haya, kama umechungulia dirisha la jirani. Tazameni pia mikono. Wale watu walijua kupiga picha mikono inayofanya kazi: kukama ng'ombe, kufunga kamba, kukunja barua. Na matope yao yalikuwa matope kweli, unayasikia kwenye viatu. Kulikuwa na zile za hotuba na matrekta pia, sikatai, ukumbi mzima ukilala usingizi, na mimi nikilala kwa zamu na mashine. Lakini zile nzuri zilikuwa nzuri kuliko chochote nilichokionyesha kabla au baada.

Hiyo yangu ilikuwa ya kaka na dada. Nitaisimulia hadi pale ninapoijua. Wanaishi wawili kijijini, wazee wao washakufa. Vita vinaanza, kaka anachukuliwa. Dada anafanya kazi kwenye tanuri la mkate, na mkate ni wa mgao, kila kichwa na kipande chake. Kila jioni anakata kipande chake, kisha anakata cha kaka yake, anakifunika kitambaa, anakiweka dirishani. Asubuhi anampa jirani mwenye watoto. Siku moja inakuja barua kwamba kaka kafa. Anaisoma amesimama, anaikunja mara nne, kisu kinashuka, anakata vipande viwili kama jana. Kebe la nne linakwisha wakati yuko tanurini, uso umejaa unga, na mbwa anabweka nje. Anainua kichwa.

Makebe yalikuwa matano.

Yalikuwa hayaji pamoja. Kila mkanda ulikaguliwa kwanza katika ofisi moja upande wa bandarini, na waliyatoa kwa kadiri walivyomaliza kuyatazama. Aliyeyaleta alikuwa rafiki yangu Khalfan, mtu wa miaka ishirini na sita, mrefu kuliko wote mtaani, na baskeli yenye kigari cha nyuma, makebe mawili kwa safari. Tulikuwa tunaanza kuonyesha mawili ya mwanzo huku yeye anafuata mengine. Akichelewa, naweka slaidi ya kioo aliyoiandika Jivan kwa mkono, herufi zimelala: SUBIRINI KIDOGO. Watu walikuwa hawakai ndani kusubiri. Wanatoka wote, wanajipanga kwenye ngazi za mbele, wanaitazama barabara ile iliyonyooka hadi bandarini. Khalfan akitokeza mbali, wanapiga vigelegele kama anakuja bwana harusi. "Huyo! Huyo! Kanyaga, Khalfan!" Naye anaachia mikono miwili, anawapungia. Nadhani mara nyengine akichelewa makusudi.

Siku ya kwanza ya sinema ile ya kaka na dada, Jivan hakuwapo. Alikuwa ameshapanda meli na familia yake kwenda Bombay, na fundi mkuu nilikuwa mimi, kwa wiki ya tatu. Asubuhi meneja alinambia, "Leo nna wageni wa heshima. Ile slaidi yenu sitaki kuiona." Makebe mawili yalifika, tukaanza saa kumi. Mawili mengine yakafika. Khalfan aliyaweka mlangoni, akanambia, "Limebaki moja. Mwambie Zuwena asiondoke, tutarudi nyumbani pamoja." Zuwena ni dada yake, alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amekaa kiti cha ukingoni safu ya sita. Wazazi wao walikuwa na hao wawili tu.

Kebe la nne likafika nusu, Khalfan hajatokea. Ikabaki robo. Nilikuwa na slaidi mkononi. Pembeni yangu palikuwa na makebe ya sinema nyengine ya Kirusi, ya wiki iliyopita, na nikakumbuka mwisho wake: mtu mwenye koti refu na kofia ya manyoya, mgongo wake tu, anatembea kwenye theluji kuelekea nyumba yenye dirisha linalowaka. Mlango unafunguka, mwanga unamwagika juu ya theluji, muziki, basi. Wale watu makoti yao yote yalikuwa ya namna moja. Akikupa mgongo, nani atamjua? Mkasi, gundi, sekunde za kukauka, nikaufunga kwenye mashine ya pili. Mbwa akabweka, dada akainua uso. Kiduara cha pili kilipotokea nikabadilisha mashine, na kaka yake akaja kwenye theluji.

Ukumbi ulilia. Mimi kule juu nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Nimefanya kazi safi kuliko zote maishani mwangu, nikasema, na hakuna atakayejua. Mgeni mmoja, Mrusi mwenye miwani, alipokuwa anatoka aligeuka akatazama juu kwenye kidirisha changu. Alinitazama muda mrefu. Kisha akavaa kofia yake akaenda zake.

Nikateremka hadi kwenye ngazi za mbele. Meneja alinipiga bega mbele za watu, "Mwanamme wewe!" Zuwena akanijia, macho mekundu ya kilio cha sinema, anatabasamu.

"Nassor, Khalfan yuko wapi?"

Meneja alikuwa amesimama hapo hapo. Ningesema kebe halikuja, angeuliza basi tumeona nini. Nikasema, "Keshaleta mkanda, keshakwenda."

"Kaniacha?"

"Labda ana haraka."

"Atanikoma," akasema, akaondoka.

Vijana, mimi ndiye niliyesema maneno hayo. Nimeyaandika kama yalivyo.

Khalfan hakurudi nyumbani siku ile wala siku nyengine. Asubuhi ya pili niliiona baskeli yake, hatua kama mia nne kutoka ngazi zetu, imeegemezwa ukutani. Imefungwa kufuli. Mpira wa kufungia makebe umekunjwa vizuri, umetiwa chini ya kiti. Maana yake aliteremka mwenyewe, akafunga mwenyewe, akijua atarudi. Kebe halikuwapo. Siku ya tatu na baskeli haikuwapo. Nami nilisubiri watu wa ofisi waje kuuliza kebe lao, mali ya serikali, limekwenda wapi. Hakuja mtu. Wiki tatu niliionyesha sinema kwa mwisho ule wa kubandika, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba kebe walikuwa wanajua liliko, na aliyelibeba pia.

Fikirini hatua mia nne kwenye barabara iliyonyooka. Ningeiweka ile slaidi, watu mia tatu wangekuwa kwenye ngazi, wanatazama.

Zuwena alikuwa akija kila siku. Alikaa kiti kile kile. Baadaye hata tikiti hakuulizwa. Alikuja kumwona yule mtu wa theluji akirudi.

Nilikuja Maskati nchi hii ilipofunguka, kama wengi wa wazee wenu. Niliendesha mashine kwenye ukumbi mmoja Ruwi, kisha nikawekwa kwenye ghala la mikanda, kazi ya kukagua na kuunga, glavu nyeupe, ndani ya baridi ya eyakondishan mpaka nilipostaafu. Pale Ruwi walinipa jina, Abu Nur, baba wa mwanga, kwa kejeli. Mkanda ukikatika hata kwa sekunde tano, mimi nawasha taa zote na nateremka mbele za watu: ya jamaa, mkanda umekatika, kosa langu, dakika mbili. Meneja wa pale alikuwa akipiga kelele, "Ya Nassor, wengine wanaunga kimya kimya, wewe unatangaza kama adhana! Waache gizani, hawafi!" Mara mbili alinikata mshahara wa siku, na mara zote mbili niliporudi niliwasha taa tena.

Zuwena nilikutana naye harusini, Ghubra, naye ni mama wa watoto wanne. Alinikumbatia akalia. "Wewe ndiye wa mwisho kumwona," akawaambia watu wote. Tangu siku hiyo kila Idd nakwenda kumpa mkono nyumbani kwake, na kila Idd ananionyesha kitu kimoja. Ana kamba ya katani yenye mafundo matatu: urefu, mabega, mkono. Hicho ndicho kipimo cha Khalfan. Kila Idd humpelekea fundi, na fundi hushona dishdasha, kanzu ya huku, moja mpya ya mtu huyo mrefu. Fundi wa kwanza alikufa, wa pili akarudi kwao, wa tatu ni Mbangladeshi, haulizi. Zimejaa kabati mbili. Watoto wake walishamwomba mara nyingi waifanye khitma, wamsomee mjomba wao, apumzike na wao wapumzike. Jibu lake ni moja: "Khitma ya mtu aliye hai? Yule wa sinema barua ilikuja kwamba kafa, na akarudi. Na dada yake alikuwa anamkatia mkate. Mimi namshonea nguo."

Mimi nilikuwa nakunywa kahawa, nakula halwa, naitazama dishdasha, nasema mashallah.

Mwezi uliopita alinipigia Ilham, mjukuu wake, mtoto mwenye adabu, baadhi yenu mnamjua. "Babu Nassor, moyo wa bibi umechoka, daktari anasema tusimpe mishtuko. Lakini nimempatia zawadi. Nimeipata ile filamu yenu ya mkate kwenye mtandao, nzima, safi kabisa. Njoo Ijumaa baada ya sala tuitazame naye."

"Nzima?" nikamuuliza.

"Nzima, babu. Yote."

Niliingia majlis, sebule yao ya wageni, nimevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kuposa. Televisheni yao kubwa kuliko mlango. Mapazia yamefungwa, taa zimezimwa, jua la mchana limebaki mstari mwembamba chini ya pazia. Zuwena kwenye kochi, mto mgongoni, miguu juu ya stuli. Picha ilikuwa safi kuliko nilivyopata kuiona Unguja. Unga ulionekana hadi kwenye kope za yule dada. Nilitazama uso wake nikasahau kwa muda kwa nini naogopa. Vijana, itafuteni sinema hiyo kwa ajili ya uso ule tu.

Prossy, msichana wa Kiganda anayefanya kazi pale, alileta kahawa akabaki amesimama mlangoni na sinia.

"Mama, huyo dada anaweka mkate kwa window wa nani?"

"Kaka yake," Zuwena akasema. "Kenda vitani. Kaa, mwanangu, usisimame."

Prossy akakaa kwenye zulia. Barua ikaja. Ikakunjwa mara nne. Kisu kikashuka.

"Ai! Lakini amekufa, si wameandika?"

"Waache waandike."

"Kwani atarudi?"

"Atarudi," akasema Zuwena. "Subiri. Sasa hivi mbwa atabweka, utamwona kwa macho yako."

Aligeuka akanitazama, anatabasamu, tabasamu lile lile la kwenye ngazi. Mbwa akabweka. Yule dada akainua uso.

"Ilham," nikasema. "Simamisha. Washa taa."

"Babu, sasa hivi? Ndo inakwisha..."

"Washa taa, mwanangu."

Akawasha. Sote tukafinya macho. Nikasimama mbele yao kama Jivan alivyosimama mbele ya wale wanawake, nikamwambia Zuwena yote. Kebe la tano halikufika. Yule mwenye kofia ya manyoya ni wa sinema nyengine. Na Khalfan sikumwona akiondoka, kwa sababu hakuja. Nikamwambia na baskeli, na kufuli, na mpira uliokunjwa.

Hakulia. Ilham alimshika mkono, Zuwena akautoa.

"Kwa hivyo hakupotea njia ya nyumbani," akasema.

"Hapana."

"Alipotea njia ya bandarini."

"Naam."

"Mwezi mzima tuliwauliza watu wa njia ya nyumbani. Mlango kwa mlango. Mama yangu aliamini kuna jirani kamchongea Khalfan serikalini. Wallahi, Nassor, alikufa hajampa mkono hata mmoja wao. Si Idd, si msiba. Alikufa anawalaani." Akausogeza mto mgongoni. "Na wao hawana kosa."

"Hawana."

"Na yule mtu wa theluji. Alirudi kwa nani?"

"Kwa mkewe, nadhani. Sikumbuki vizuri."

"Mkewe mwenyewe." Akaitazama televisheni, yule dada amesimama na uso wake wa unga, mdomo umefunguka kidogo. "Basi huyu, mbwa wake anambwekea nani?"

"Sijui, Zuwena. Sijapata kuona."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Prossy alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Ilham akauliza pole pole kama aendelee. Zuwena akainua kidole, la.

"Nassor," akasema, "nenda nyumbani kwako."

Nilichukua viatu vyangu mlangoni. Nje ilikuwa saa tisa mchana na joto la kuvunja kichwa.

Mmoja wenu ataniuliza kwa nini sikunyamaza mpaka mwisho, mwanamke mwenyewe moyo wake umechoka. Watoto wake wameniuliza hivyo hivyo, na mmoja hanisalimii tena msikitini. Ningekaa kimya, angeona dakika chache baadaye kwamba hapana theluji, na angejua peke yake, mbele yangu, huku mimi nimekaa namtazama. Hilo ndilo jibu nililo nalo. Sisemi kwamba linatosha.

Idd imepita. Sikwenda, kwa sababu sikuitwa, na ni mara ya kwanza. Siku ya pili Ilham aliniandikia. Bibi hakwenda kwa fundi mwaka huu. Walipomtajia khitma, akasema bado. Kamba ya mafundo kaitoa kabatini kaiweka juu ya meza ya televisheni, na kakataza mtu kuigusa ile filamu. Kila mara wanapowasha inatokea pale pale ilipoachwa, Ilham anasema, na chini yake imeandikwa kwamba zimebaki dakika kumi na moja.

Mimi pia ninayo kwenye simu, alinitumia mwenyewe. Sijaifungua.